Bwawa Limekauka, au Limefunikwa? Setilaiti Inavyosoma Maji Yako

Msimamizi mmoja wa bwawa la umwagiliaji alitujia sisi wasomaji wa picha za setilaiti, akiwa na wasiwasi mkubwa. Alikuwa na picha mbili za setilaiti, moja ya mwisho wa mvua, nyingine ya miezi mitatu baadaye, na eneo la maji lilionekana limepungua karibu theluthi. Alihofia ukuta unavuja. Tukamwuliza: rula ya kina pale bwawani inasemaje? Hakuwa ameitazama. Kesho yake akapiga simu kwamba kina kimeshuka kidogo tu. Magugu maji ndiyo yaliyokuwa yametanda upande mmoja wa bwawa, na maji yaliyofunikwa na majani mabichi, setilaiti huyaona kama shamba.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kazi yetu ilipo. Picha zenyewe wala hazina shida kupatikana. Kumbukumbu zote za Landsat, setilaiti za Marekani, ziliwekwa wazi bila malipo mwaka 2008, na picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zilizoanza kupatikana 2015, nazo ni za bure. Unachotulipa ni kuzisoma kwa usahihi, na kukuambia kwa uaminifu pale zisipoweza kujibu swali lako.

Usomaji wenyewe unategemea tabia moja ya maji. Ukiacha mwanga tunaouona kwa macho, kuna ule wa infraredi unaopakana nao. Maji huunyonya karibu wote, majani mabichi huurudisha kwa wingi. Mwaka 1996 mtafiti McFeeters alipendekeza hesabu rahisi: chukua mwanga wa kijani, toa ule wa infraredi, kisha gawanya kwa jumla yao. Jibu likizidi sifuri, kwa kawaida hapo pana maji. Hesabu hiyo hufanyika kwa kila pikseli, yaani kila kijiraba kinachounda picha, na ndani ya dakika chache unapata ramani ya maji ya bonde zima. Ila sasa unaona kwa nini magugu yalimdanganya mteja wetu: majani yakifunika maji, jibu huangukia chini ya sifuri.

Mvua ikinyesha, mambo hubadilika. Mafuriko huja na mawingu, na kamera ya kawaida haipenyi wingu. Wakati huo tunahamia kwenye rada, hasa ya setilaiti za Sentinel-1, ambayo hutuma mawimbi yake yenyewe na kufanya kazi usiku na mchana, kuwe na wingu au kusiwe. Maji yaliyotulia ni kama kioo: mawimbi yakifika kwa mshazari huteleza upande wa pili, kwa hiyo sehemu hiyo hutoka nyeusi. Nayo rada ina mitego yake. Upepo ukichafua uso wa maji, weusi hupotea. Mchanga mkavu na barabara ya lami huweza kuonekana vyeusi kama maji. Na maji yaliyoingia chini ya miti hung'aa badala ya kuwa meusi, maana mawimbi hugonga maji, yakagonga shina, yakarudi kwa nguvu. Ramani ya mafuriko iliyotolewa na kompyuta peke yake, bila mtu kuikagua, sisi hatuikabidhi kwa mteja.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: bwawa langu limebaki na maji kiasi gani? Picha huona uso, haioni kina. Lakini ukiwa na eneo la maji kwa tarehe mbili na rula ya kina kwa tarehe zizo hizo, hesabu inawezekana. Tuseme eneo lilikuwa hekta 200, sasa ni 160, na maji yameshuka mita 1.5. Wastani wa eneo ni hekta 180, yaani mita za mraba 1,800,000. Zidisha kwa 1.5, utaona bwawa limepoteza takriban mita za ujazo 2,700,000. Ukifanya hivyo kwa misimu kadhaa, unajenga jedwali la bwawa lako mwenyewe: eneo fulani, ujazo fulani. Baada ya hapo picha pekee huweza kukupa makadirio mazuri, mpaka tope litakapojaa chini na jedwali kuhitaji kupimwa upya. Huduma hii ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa kuwa mkulima huweza kujua kabla ya kupanda kama maji yatamfikisha kwenye mavuno.

Kwa mito, upana ndio huamua. Pikseli ya Sentinel-2 ina mita 10 kila upande, hivyo mto wenye mita 15 huchanganyika na kingo zake. Tunapenda mto uwe na angalau pikseli tatu, yaani mita 30 hivi. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima hata kimo cha uso wa maji, lakini ililengwa kwa mito yenye upana wa zaidi ya mita 100. Mwenye kijito tunamshauri atumie droni, au rula ya mtoni na daftari, vimfae zaidi.

Mto mpana ulio na historia ni habari nyingine kabisa. Kumbukumbu za Landsat zinaanza 1972, na tangu 1984 zipo picha za mita 30. Tukizipanga mwaka baada ya mwaka, unaona mto ukila ukingo mmoja na kutupa mchanga upande wa pili, kona ikisogea polepole kuelekea mahali ambapo mtu anapanga kujenga pampu au daraja. Mzee aliyekulia kando ya mto mara nyingi anaijua habari hiyo tayari. Sisi humletea mhandisi mita na miaka.

Ubora wa maji: tope na mwani huonekana kwa rangi, vijidudu vya kuhara havionekani. Maji ya kunywa yapelekwe maabara, bila mjadala.

Na maji ya ardhini? Setilaiti za GRACE, zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2017, na warithi wake waliorushwa 2018, hupima mabadiliko ya uvutano wa dunia na kugundua maji yanayopungua chini ya ardhi. Ila huona maeneo ya mamia ya kilomita. Atakayekuuzia mahali pa kuchimba kisima kwa data hiyo anakudanganya. Tafuta wapimaji wa maji ya ardhini waje kupima hapo hapo.

Ukija kwetu, njoo na mambo matatu: mpaka wa eneo lako, swali unalotaka lijibiwe, na vipimo vyovyote ulivyonavyo, hata kama ni daftari lililoloa lenye tarehe na sentimita. Kama huna daftari, simika rula leo kabla hujatupigia, na uanze kuandika kila asubuhi.