Barua kwa vijana wa Ujiji na Mwanga mnaotafuta kazi za kuandika mtandaoni

Wanangu,

Marahaba. Najua mngeniamkia, basi nimeitikia kabisa.

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi miezi mitatu, katikati ya Mei 2024, haipiti wiki bila kijana kuja barazani kwangu na simu mkononi: "Bibi, tunasikia unatafsiri kwa Wazungu. Tuonyeshe mlango." Nimechoka kurudia yaleyale, ndiyo maana naandika.

Mlango wenyewe ni mnada, ila si kama wa mwaloni Kibirizi. Kibirizi wanunuzi ndio wanaopandishiana bei, mwenye dagaa katulia. Kwenye Upwork na Freelancer.com, tovuti za kutafutia kazi, mnunuzi ndiye katulia, na wenye dagaa ndio mnaoshushiana. Mmoja dola 10, wa pili 7, wa tatu 3. Ukitaka kushinda kwa urahisi wa bei, atatokea tu wa dola 2.

Na kuomba kazi si bure. Upwork wanauza konekti, yaani tiketi za kuombea kazi, moja senti 15 za dola. Ombi likila konekti 10, maombi kumi ni dola 15, nawe hujaandika hata herufi. Ukipata kazi wanakata fungu lao. Fiverr, tovuti nyingine ya namna hiyo, hukata asilimia 20. Sasa anayetuma maombi hamsini kwa usiku mmoja, maneno yaleyale, ni sawa na kuwasha karabai ziwani usiku wa mbalamwezi. Mafuta yanaungua, dagaa hawaji.

Msome mteja kwanza. Penye tangazo pana habari zake: ametangaza kazi ngapi, ameajiri wangapi, ameshalipa jumla kiasi gani, kwa saa hulipa ngapi, na waliomfanyia kazi wamesema nini. Aliyetangaza kazi 30 akaajiri watu wawili anazunguka sokoni tu, hanunui. Aliyezoea kulipa dola 4 kwa saa hatageuka kwa sababu umemwandikia vizuri. Mimi nashuka mpaka chini kabisa, nasoma malalamiko ya wenzangu, ndipo naamua. Kwa wiki naomba kazi tatu, nne hivi. Na ombi langu halianzi na elimu yangu. Linaanza na kazi yake. Namwonyesha neno katika tangazo lake litakalomchanganya msomaji wa Kasulu, na mimi ningeliandikaje. Sentensi tano zinatosha.

Mtaji wenu ni Kiswahili. Makala ya Kiingereza juu ya bima ya magari ya Marekani inagombewa na maelfu, na siku hizi mashine nayo inaiandika. Tafsiri, manukuu ya video, kusahihisha Kiswahili kilichotoka kwenye mashine: kazi hizo ni chache, ila wanaoziweza ni wachache pia. Ujiji tumekisema tangu enzi za misafara. (Kukisema si kukiandika, lakini. Wengine wenu "kulala" na "kurara" kwenu ni mamoja, na kamusi hamna.)

Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mtu makala nne kabla hajaweka fedha. Alisema ni za majaribio. Sikumwona tena. Tangu hapo, kazi ya bei maalumu, inayolipwa kwa jumla si kwa saa, siigusi mpaka fedha ziwekwe amana kwenye tovuti. Upwork, ukishawasilisha kazi, mteja ana siku 14. Akinyamaza, fedha ni zako. Anayekuvuta WhatsApp kabla ya mkataba mwache. Anayetaka umtumie ada ili akupe kazi, huyo ni tapeli.

Na kazi za kuwaandikia wanafunzi insha zao msiniletee kabisa. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini.

Jumamosi baada ya laasiri nipo barazani. Mwenye ombi aliloliandika alilete kwenye karatasi, kwa maandishi makubwa. Kioo cha simu kinanitoa machozi.

Bibi yenu, Ujiji