Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeko Leeds

Mdogo wangu,

Bao la baba liko juu ya kabati la vyombo tangu Jumapili ile mtandao ulipokatika mkiwa katikati ya mchezo wenu wa simu ya video. Limefunikwa kanga ya mama na hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Wiki iliyopita mtoto wa jirani alipanda kiti ili achungulie, baba akamwita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa shule ya msingi. Juzi nilitaka kufagia nyuma ya kabati, ikabidi nilishushe bao kwanza. Nililibeba kama ndoo ya maziwa iliyojaa pomoni. Kete zote 64 ziko palepale mlipoziacha.

Nakuandikia hadharani, bila jina lako, kwa sababu ujumbe niliokutumia pembeni una tiki mbili za bluu na haujajibiwa. Pia kwa sababu hapa Tukuyu nyumba yetu siyo pekee yenye mtu wake wa mbali aliyenyamaza. Labda mwingine ataisoma na kujiona.

Unakumbuka simu zetu zilivyokuwa kabla ya bao? Mimi nakumbuka vizuri, maana ndiye niliyekuwa nashika simu. Shikamoo baba. Marahaba, hujambo? Sijambo. Baridi huko? Ipo. Na huko mvua? Inanyesha. Haya, msalimie mkwe wangu. Dakika tatu, nne zikizidi sana, halafu baba ananirudishia simu kama anarudisha sahani aliyokwisha kulia. Alikuwa anakupenda vilevile kama leo. Ila alikuwa hana la kukuambia, nawe hukuwa na la kumwambia, na kioo kile kidogo kinawadai watu waongee muda wote. Mtu akinyamaza kwenye simu, mwenzake anadhani imekatika.

Ndipo ikaja Machi 2020, Uingereza ikawafungia watu ndani, na safari yako ya kuja nyumbani ikafa. Siku ile ulipomwambia baba huji, alikaa kimya, kisha akauliza: "Huko kwenu kuna boksi?" Sikuelewa. Wewe ulielewa mara moja. Jumapili iliyofuata ulituonyesha kipande cha boksi ulichochora mashimo 32 kwa kalamu ya wino mzito, safu nne za mashimo nane nane, na kete zako zilikuwa maharage ya Mbeya niliyokufungia mimi mwaka uliotangulia. Mama alisikitika kidogo kwamba hukuyapika. Baba alicheka mpaka akafuta macho.

Nataka niwaeleze wasomaji wengine jinsi mlivyokuwa mnacheza, kwa sababu watu wananiuliza na hawaamini. Kila mmoja ana bao zima mbele yake, upande wake na upande wa mwenzake. Baba akicheza, anatangaza shimo na upande anaoelekea, halafu wewe unaucheza mchezo wake kwenye boksi lako. Ukicheza wewe, yeye anaucheza wako kwenye bao lake. Mashimo yanahesabiwa kuanzia kushoto kwa mwenye zamu, mbele au nyuma. "Mbele tano, kulia." "Nyuma tatu, kushoto." Mwanzoni kila mmoja anaweka kete sita kwenye nyumba, ambayo ni shimo la tano, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zinabaki 22 za mkononi, za kunamua, yaani za kuingiza baoni moja moja kila zamu. Zako ulikuwa unazitia kwenye kikombe cha chai, na baba alizoea kukuambia umsogezee kikombe karibu na kamera aone zilizobaki.

Kete zikipotea popote, mabao mawili yanapishana na hakuna anayejua. Siku moja baba alitangaza anakula shimo lako la sita, wewe ukasema la sita halina kitu. Mkahesabu. Kwake 64, kwako 63. Ulitafuta chini ya meza, chini ya boksi, kwenye mikunjo ya kochi, kumbe mwanao alikuwa amekaa pembeni yako na harage moja amelifumba mkononi. Baba hakukasirika. Alirudisha mchezo nyuma zamu moja baada ya nyingine, mpaka pale harage lilipotoka, akiwa amefumba macho. Nilikuwa sijui kwamba baba yetu ana kichwa cha namna hiyo. Miaka yote nimeishi naye na nimekuja kukijua kupitia simu ya video.

Wadogo zetu walimletea bao la kwenye programu ya simu, linalohesabu kete lenyewe. Alilijaribu mara moja akaliweka chini. Mimi sina neno baya na programu hizo, zinawafaa wengi, lakini nakubaliana naye kwa kitu kimoja: pale mashine inapohesabu, baba na mwanawe hawana haja ya kuaminiana. Nyinyi kila Jumapili mlikuwa mnaaminiana mashimo 32. Karata nazo hazikwenda. Nani ampe mwenzake karata kupitia kioo?

Kuna Jumapili ya Aprili sitaisahau. Unaijua mvua ya Rungwe, na unalijua bati letu. Ilinyesha mpaka mimi niliyekaa mita moja kutoka kwa baba sikumsikia. Simu ya salamu ingekufa hapo hapo. Baba akainua mkono: kidole kimoja, maana yake mbele. Kisha vidole vinne. Kisha akaonyesha kulia. Wewe ukaitikia kwa kichwa na kuzitembeza kete. Mkacheza hivyo karibu saa nzima, mvua inapiga bati, hakuna neno lililosemwa, na mlipomaliza baba alikuwa na uso wa mtu aliyetembelewa.

Na mama naye alipata mchezo wake na mwanao. Vitendawili. Ulikuwa unaniambia mtoto anaelewa Kiswahili lakini hakitoki mdomoni. Kilitoka pale. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto akashindwa, mama akasema nipe mji, na mtoto kwa kuwa mji anaoujua ni mmoja, akampa Leeds. Mama hajafika hata Dodoma. Akasema: "Nilikwenda Leeds, nikafika salama, watu wa Leeds wakanipokea, wakanipa blanketi na chai ya moto, nikawauliza nyumba isiyo na mlango ni nini, wakaniambia, bibi, ni yai." Mtoto aliruka juu ya kochi. Wiki zilizofuata mama akawa anampa miji, kwa kufuata barabara ya kuja nyumbani: Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, Isyonje, Kiwira, Tukuyu. Baadaye zamu ikageuka. Mtoto akatega cha kuku aliyetagia miibani, mama akajifanya hajui, akampa Kyela. Mwanao akasema, "Nilikwenda Kyela, nikala wali mwingi." Mtoto wa miaka sita, hajawahi kuvuka Uyole, anajua Kyela kunaliwa wali! Mama alisimulia jambo hilo kanisani.

Sasa ni Jumapili saba.

Sababu ya kunyamaza kwako nadhani naijua, na hapa siiandiki. Niseme tu ninachokiona kwa watu wengi walio mbali: simu inafungwa kamba moja na pesa. Mwezi wa kutuma, mtu anapiga. Mwezi mkono ukiwa mtupu, anaona hana uso wa kupiga, na mwezi mmoja unazaa mwingine. Kama ni hilo, mdogo wangu, nisikilize mimi dada yako niliyekaa na baba Jumapili zote saba. Jumapili ya kwanza aliniuliza kama bando limeisha. Ya pili akauliza kama huko wamebadilisha saa tena, maana mwaka jana, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mliporudisha saa nyuma, alikaa saa nzima mbele ya simu akidhani umechelewa. Ya tatu alivaa koti lake, akakaa kitini saa kumi kamili, hakuuliza chochote. Ya nne hivyo hivyo. Neno pesa halijatoka kinywani mwake, wala kwa mama. Hata mimi sikuambii hivi ili kukupoza. Ningekuwa na la kukulaumu ningekulaumu, unanijua.

Ukipiga, hutalazimika kueleza kitu. Baba si mtu wa kuuliza kazi inaendaje, na ukiwa umeshika kete hakuna anayekudai habari. Huna haja ya kuwa na uso wa furaha pia. Kamera inatazama bao, wewe tunaona vidole vyako tu. Neno la kwanza linaweza kuwa namba ya shimo. Nitakaa pale mimi na simu, bando nimeshanunua, na mvua ikija vidole tunavijua.

Nadhani maharage umeshayakusanya ulipohama chumba, kwa hiyo nimekuandikia bao lilivyo. Nimelihesabu mara mbili. Kete za mkononi zimekwisha, mko kwenye mtaji, mnacheza kwa kete zilizo baoni tu. Upande wako, kutoka kushoto kwako, safu ya mbele: 0, 3, 1, 0, 2, 0, 4, 1. Safu ya nyuma: 2, 5, 0, 3, 1, 0, 6, 2. Upande wa baba, kutoka kushoto kwake, mbele: 1, 0, 5, 2, 0, 3, 1, 2. Nyuma: 4, 0, 3, 6, 1, 2, 0, 4. Wewe una 30, yeye ana 34. Zamu ni yako.

Kila jioni baba hufunua kanga upande mmoja, akalitazama shimo lako la pili mbele, kisha akafunika tena.