Begi la mgongoni kwa theluji ya Pasaka

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu tunaoishi Norway, ambako wengi huteleza kwenye theluji kwa ski (vibao virefu vya kufunga miguuni) wakati wa Pasaka, kwamba begi la lita 20 hadi 25 latosha kwa siku moja, mradi liwe na mikanda ya kifuani na kiunoni, kwani asubuhi theluji huwa ngumu kama sakafu na begi linaloyumba humwangusha mtu. Mchana jua huilainisha, koti likavuliwa. Basi koti hilo liachiwe nafasi begini, pamoja na maji, mafuta ya kukinga jua na machungwa, ambayo kwa Wanorwe ni kama sharti la Pasaka.

Begi langu la kwanza lilikuwa na kamba ndefu zilizoning'inia, moja ikanaswa kwenye kiti cha lifti ya kupandisha watu mlimani nilipokuwa nashuka. Siku hizi nazikunja kabla ya kupanda.

Msomaji wako,
Oslo