Karatasi ya uchungu isijazwe mtoto akishazaliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakunga wenzangu, na zaidi wakubwa wao. Nimestaafu, lakini mwezi uliopita nilirudi leba kama mama mkubwa, nikimsindikiza binti wa mdogo wangu kwenye uzazi wake wa kwanza, hapa hapa Moshi.

Alipokelewa saa 3 usiku, njia imefunguka sentimita 5. Mkunga alikuwa mmoja, wazazi sita. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje na chupa ya chai, namsikia yule mkunga akikimbia kitanda hiki hadi kile. Mtoto alitoka saa 10 alfajiri amechoka, halii, hadi alipopuliziwa hewa. Sasa ananyonya vizuri, namshukuru Mungu.

Asubuhi nikaomba kuiona patografu, ile karatasi ya uchungu ambayo mkunga anaweka nukta jinsi njia inavyofunguka na kuandika mapigo ya moyo wa mtoto. Ilikuwa safi mno. Zangu zilikuwa na madoa ya maji na alama za vidole. Hii mwandiko umetulia, nukta zimepanda kama zimepigwa rula, na mapigo ya moyo wa mtoto ni 140 kila nusu saa, usiku kucha. Miaka yote niliyoweka sikio kwenye matumbo ya wazazi, sijakutana na moyo wa namna hiyo.

Simlaumu mkunga yule kwa kuijaza mtoto akishazaliwa. Nami nimewahi kujaza hivyo, na bado inaniuma. Mkaguzi akikuta karatasi ina mapengo, anayeitwa ofisini ni mkunga. Akiikuta imejaa, anasaini na kwenda zake.

Watafiti Philpott na Castle walipoichapisha karatasi hii mwaka 1972, kutokana na kazi yao huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walimfikiria mkunga wa kituo cha mbali, ajue mapema nani wa kupelekwa hospitali. Nukta zikivuka mstari wa tahadhari uliochorwa humo, yaani njia inafunguka polepole mno, unaanza kuhangaika. Mstari wa hatua uko mbele yake kwa muda wa saa nne, na hapo uamuzi uwe umeshatolewa. Karatasi iliyojazwa mtoto akiwa tayari ndani ya kitenge inamwokoa nani?

Nawaomba waganga wafawidhi na wakaguzi: mruhusuni mkunga aandike, "Saa 7 sikupima, nilikuwa nazalisha kitanda cha nne." Msimkaripie. Yakusanyeni mapengo hayo mwezi mzima, myapeleke kwa wanaopanga ajira, muombe mkunga wa pili wa zamu ya usiku.

Mkunga mstaafu,
Pasua, Moshi