Sindano ya kila Jumatatu si tiba

Mhariri,

Ninauza mukene, yaani dagaa, katika soko la Busia, upande wa Uganda. Wateja wangu wa ng'ambo ya mpaka huita omena. Mwezi Juni 2021, nchi ilipofungwa kwa siku 42, niliugua korona. Sikulazwa. Homa iliondoka baada ya siku tisa, nikamshukuru Mungu, lakini maumivu yalibaki: magotini, kwenye vifundo vya mikono, mgongoni. Yalibaki na uchovu wake, hata nikilala usiku kucha naamka kama mtu aliyekesha matangani.

Ninachotaka kusema ni jinsi dawa za maumivu ya aina hii zinavyochaguliwa. Kwa mwaka mmoja na nusu dawa yangu haikutokana na ugonjwa wangu, ilitokana na mlango nilioingia siku hiyo. Kliniki ya kwanza walinitoa damu wakasema nina taifodi na brusela, zote mbili. Nilimeza antibiotiki mara tatu, bure. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kile kipimo cha taifodi cha haraka kinaweza kuonyesha ugonjwa hata kwa mtu aliyeugua zamani na kupona, kwa hiyo majibu yake peke yake hayatoshi.

Kliniki ya pili, ambayo jina lake sitalitaja, walinipa sindano kila Jumatatu kwa shilingi 15,000. Jumanne nilikuwa mtu mpya, nabeba gunia mwenyewe. Kufika Alhamisi siwezi kufungua kifuniko cha debe. Niliendelea hivyo miezi mitano kwa sababu ya ile Jumanne moja. Nilipouliza ni dawa gani, dada aliyenidunga alijibu, "Ya maumivu, mama." Nikanyamaza. Mwezi wa tano choo kikawa cheusi kama lami, nikaanguka mbele ya meza yangu sokoni.

Hospitali ya serikali waliniambia tumbo linavuja damu. Mume wangu alirudi kule kliniki, akadai aonyeshwe vichupa. Kimoja kilikuwa diklofenaki, kingine deksamethasoni. Ya kwanza ikitumika muda mrefu huchubua tumbo na kuumiza figo. Ya pili ni steroidi: hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na mwili ukishaizoea haifai kukatizwa ghafla. Zikitumika pamoja, hatari ya tumbo kutoka damu huzidi. Haya yote yangesemwa kwa dakika mbili kabla ya sindano ya kwanza.

Mitishamba siidharau. Majani ya mululuza nimeyanywa na ukali wake wote, na kujifukiza nimejifukiza. Sikudhurika, wala magoti hayakupata nafuu. Ninachokiogopa ni ule unga wa kwenye vikaratasi, usio na jina wala mtengenezaji, unaofuta maumivu ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Wapo wauzaji wanaosaga vidonge vya steroidi humo ndani. Mtu anayemeza unga ule anaweza kuwa anarudia sindano zangu bila kujua.

Tumbo lilipopona nilipata musawo, yaani daktari, mmoja aliyenisikiliza mpaka mwisho. Alipima kwanza: sukari, wingi wa damu, figo, tezi ya shingo, kifua kikuu, virusi vya ukimwi. Alipoona hakuna kilichojificha humo akaniambia, "Mama, virusi vimeondoka lakini mwili haujatulia. Sina kidonge cha kuondoa hali hii yote. Tutajaribu kitu kimoja kimoja, na kila kimoja tutakipa tarehe." Sijawahi kusikia daktari akisema hivyo, na maneno hayo yalinipa nguvu kuliko ahadi zote za kabla yake.

Nilimuuliza kuhusu mofini ya maji, kwa kuwa mjomba wangu alipokuwa na saratani ndiyo iliyompa usingizi. Uganda tuna sifa katika hilo. Tangu hospisi, huduma ya wagonjwa wasiopona, ianze Kampala mwaka 1993, maskini wengi wamekufa bila kulia kwa maumivu. Akasema ile ni kwa maumivu ya namna nyingine, na kwangu mimi, ambaye huenda nikaishi na hali hii miaka mingi, mazoea yake yangenigharimu kuliko faida.

Alianza na amitriptilini, miligramu 10 usiku. Kijana wa duka la dawa akaniambia ni dawa ya wagonjwa wa akili, nikaiacha kwenye mkoba siku tatu. Nilirudi kwa musawo kuuliza. Kumbe kwa dozi kubwa hutibu sonona, na kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu inayobeba maumivu na kuleta usingizi. Kinywa kitakauka, akasema, na asubuhi utajihisi mzito. Vyote vilitokea. Tuliipa wiki sita. Niliandika kwenye daftari kila jioni, kutoka sifuri hadi kumi. Nilianza na nane. Sasa ni tano. Sijapona, ila kwenye tano naweza kupika.

Kitu cha pili hakina duka. Watu waliniambia nijikaze mpaka nitoke jasho, nikafanya hivyo siku njema na kulala siku mbili baada yake. Musawo alinifundisha kupumzika kabla uchovu haujafika. Nimegundua mwili wangu unakubali kusimama na kupima gorogoro, yaani makopo, ishirini. Ya ishirini ikiisha nakaa kwenye kibao, hata kama mteja amesimama na pesa mkononi, hata kama najihisi vizuri. Hapo ndipo pagumu, kwani mteja hujua kuhama meza.

Wapo majirani waliosema nimerogwa. Nawakumbusha kwamba mwaka 1959 ugonjwa wa virusi ulizuka kaskazini mwa nchi hii, na Waacholi wakauita o'nyong-nyong kwa jinsi ulivyolegeza viungo. Chikungunya nayo, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, ilipata jina kwa Wamakonde kwa jinsi ilivyomkunja mtu. Wazee wetu waliyajua maumivu yanayobaki homa ikishapita, wakayapa majina.

Naomba wenye kliniki waandike jina la kila sindano kwenye kadi ya mgonjwa, na tarehe ya kuamua kama imefaa au iachwe. Nawe Mhariri, waulize wataalamu kwenye ukurasa wa afya kuhusu maumivu yanayodumu miezi, si malaria peke yake.

Tarehe 9 mwezi ujao narudi kwa musawo. Swali nimeshaliandika: usingizi umerudi, je, dozi ibaki au tuipunguze? Magunia bado nambebesha kijana wa mkokoteni, shilingi 1,000 kila moja.

Mama Muuza Mukene,
Busia, Uganda