Boti ya futi 23 au ya futi 32? Naombeni ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Mimi nahodha wa Matemwe, Unguja. Mwaka wa kumi na sita huu naendesha boti za watu, napeleka wageni kisiwa cha Mnemba kuangalia samaki na pomboo. Sasa mimi na shemeji yangu tumechanga fedha tununue yetu wenyewe, na hapo ndipo tulipogombana.

Mie nimeiona ya faiba, futi 23, mashine moja ya nguvu za farasi 40, wageni wanane. Fedha yake tunayo. Shemeji kaiona ya futi 32 huko Nungwi, mashine mbili za 60, wageni kumi na wanane, ina kivuli na ngazi. Hiyo mpaka tuingie deni, na dhahabu ya dada yangu iuzwe. Dada mwenyewe kesharidhia. Mie ndiye sijaridhia.

Anayeijua pwani yetu atanielewa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yakishapwa unakwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Boti ndogo tunaisukuma watu wanne, inapanda mchangani, nakwenda zangu kulala. Kubwa itakaa nangani huko nje, inataka mlinzi, na wageni wapelekwe kwa kidau. Halafu petroli! Mashine mbili zinakunywa hata siku wageni ni watatu, na masika hao watatu wenyewe huwaoni.

Lakini shemeji si mjinga. Wageni wanajaa Julai na Agosti, na ndipo upepo wa kusi unapovuma. Boti fupi kwenye mlango wa mwamba, pale tunapopita kutoka nje, inaruka na kupiga chini, wageni wanarowa, wanatapika, wengine wanataka kurudi kabla hatujafika. Na mwaka jana, kwenye boti ya tajiri wangu, mashine ilinizimikia mlangoni pale pale. Maji yaliingia kwenye petroli. Nanga tukatia, ikaburura, mpaka mwenzetu akaja kutuvuta. Nilipakia watoto wawili siku ile. Ukiwa na mbili, moja ikifa nyingine inakurudisha. Shemeji akinitajia hilo nanyamaza.

Fundi mmoja kanambia ninunue ndogo, kisha nifunge pembeni mashine ya 15 ya akiba. Shemeji kacheka, eti mkongojo wa mzee. Mie naona si wazo baya, ila sijui kama 15 itaisogeza boti iliyojaa watu wakati mkondo wa bamvua umekaza.

Wenye boti wa Nungwi, Kizimkazi, hata nyinyi mnaokwenda Misali kule Pemba: mliohama kutoka ndogo kwenda kubwa, deni mlilimaliza kwa misimu mingapi? Masika mliifanyia nini boti? Na yupo aliyeijaribu hiyo mashine ya akiba kwenye kusi, si kwenye maji yaliyotulia? Mwenye boti ya Nungwi anataka jibu kabla Ramadhani haijaandama.

Nahodha, Matemwe