Doa

Tabora, Jumapili jioni

Mwanangu Kabula,

Marahaba, mama. Jana simu ilikuwa inakatikakatika na mbuzi wa jirani walikuwa wameingia kwenye mihogo, ndiyo maana sikukujibu vizuri. Uliuliza kwenye hiyo fomu, pale pa kabila, uandike Msukuma au Mnyamwezi.

Andika utakalo. Babu yako alitoka Nzega. Alipohamia hapa mjini akaitwa Msukuma, maana sukuma ni kaskazini, na kweli alitokea kaskazini. Akienda Mwanza kufuata dagaa, wanamwita Mdakama, mtu wa kusini. Baiskeli ile ile, koti lile lile. Na hilo la Mnyamwezi nalo husemwa tulipewa na watu wa pwani, waliotuona tukija na misafara kutoka upande unakoandama mwezi. Jina linategemea anayekuita amesimama wapi.

Baada ya simu nilifungua sanduku la marehemu bibi, nikatoa ile sarafu ya hela 20. Unaikumbuka? Ya shaba, pembeni haikukaa sawa, imeandikwa 1916, na juu ya mwaka kuna taji na herufi D.O.A. Ni kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa lugha yao. Bibi alikuwa akizisoma pamoja: “doa.” Sijawahi kusikia tafsiri bora zaidi.

Ilifuliwa hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa kuwa ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikuwa wamefunga bahari na fedha haziji kutoka Ujerumani. Haikukaa sana. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini. Nasema Wabelgiji, lakini waliobeba bunduki walikuwa Wakongo. Na ajabu ni kwamba wakati huo Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani! Aliyenyang'anywa nyumba kwao akaja kukaa kwetu, kwa sababu tu alikuwa upande mmoja na Mwingereza. Jenerali wao, Tombeur, baadaye alipewa ubaroni akajiita Tombeur de Tabora. Sisi tulipewa herufi tatu, yeye akaondoka na mji mzima kwenye jina lake.

Vita vilipokwisha washirika wakagawana. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana Rwanda na Urundi ziende kwa Mbelgiji. Wareno wakapata kipande cha Kionga, kule mdomoni mwa Ruvuma. Sehemu kubwa iliyobaki ikawa ya Mwingereza, ila haina jina, kwani la Mjerumani halitakiwi tena. Huko London yakatajwa majina: Smutsland, Windsorland, New Maryland. Wengine wakasema Kilimanjaro, wengine Tabora. Fikiria, mama, ungekuwa Mtabora wa kutoka Mtwara! Mwaka 1920 wakashika Tanganyika, jina la ziwa. Babu wa babu yako alilala bila jina la nchi akaamka Mtanganyika, na sidhani kama kuna aliyemwambia.

Hata hapo Kariakoo unapopanga, jina ni la kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, wakalitamka walivyoweza. Waliokufa kwa njaa na kuhara huku wamebeba mizigo ya vita visivyowahusu ni makumi ya maelfu. Sasa pananunuliwa vitenge. Na hiyo hela unayonipigia simu kuiomba kila mwisho wa mwezi ni neno la Mjerumani, lilitoka kwenye sarafu hii hii.

Kwa hiyo ukiandika Msukuma, sitakasirika. Mama yako ndiye atakayekasirika.

Sarafu siitumi, utaiona ukija Desemba. Karanga kilo tano na asali dumu moja nimempa dereva wa basi la kesho. Kavichukue stendi ya Mbezi kabla hajavigawa.

Ni mimi baba yako.